Mwanamke wa Kwanza Kucheka Ukutani

Katika mtaa wetu wa Shituru, mjini Likasi, kila nyumba ya kampuni ilikuwa na chumba cha mbele cha kupokelea wageni, na karibu kila chumba cha mbele kilikuwa na mwanamke ukutani. Niliwafahamu wanawake hao vizuri. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kazi yangu ilinifikisha kwa wazazi wengi, na mimi siwezi kukalia kiti cha watu bila kuzitazama kuta zao.

Wengi walikuwa mamba muntu. Huyo ni mwanamke kuanzia kichwani hadi kiunoni, na kuanzia kiunoni kushuka ni samaki. Alichorwa akiwa na ngozi nyeupe kuliko ya mtu yeyote wa Likasi, nywele zimelala mabegani, saa mkononi, nyoka kando yake. Watu walisema humpa utajiri yule anayekubali masharti yake. Wengine ukutani kwao walikuwa na mwanamke wa kijijini anayetoka mtoni na chungu kichwani, naye mara nyingi alikuwa ametugeuzia mgongo. Kulikuwa na msichana wa kalenda ya bia, na kwa Wakatoliki, Bikira Maria wa karatasi. Nilizoea kuwaangalia wote hao huku nikingoja mzazi atoke jikoni, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Wala hakuna aliyefanana na mama aliyekuwa anatoka jikoni.

Sisi pia tulikuwa na mamba muntu. Baba alimnunua mwaka aliomwoa mama, wakati kiwanda cha shaba kilikuwa kinafanya kazi mchana na usiku na mtambo wa umeme wa Koni ulikuwa haujajifunza kutuacha gizani. Picha za namna hiyo, zilizopakwa kwa rangi ya mafuta juu ya kitambaa cha gunia la unga, tuliziita tablo. Mtu akiwa na tablo, redio na viti vinne vyenye mito, alionekana amefika.

Katikati ya miaka ya tisini mshahara wa baba ulianza kuchelewa, kisha ukawa unakuja vipande vipande, kisha ukakoma. Vitu vikaanza kuondoka nyumbani kwa zamu. Jokofu lilitangulia, kwa sababu halikuwa na cha kupoza. Redio ikafuata, halafu viti vitatu. Baba aliendelea kwenda kiwandani kila asubuhi, amevaa kofia yake ngumu, akakaa karibu na mashine iliyosimama, na jioni akarudi. Mama ndiye aliyeanza kutoka kweli. Alikwenda Kambove kutafuta mahindi, akayasaga, akauza unga sokoni kwa kipimo cha kikombe. Kila Jumatano alikuwa na kikundi cha sala cha akina mama, na kutoka huko alirudi siku moja akapanda juu ya kibao, akamshusha mamba muntu.

Baba alikuwa mlangoni.

"Ule mwanamuke amekukosea nini?"

"Miaka yote iko mu nyumba yangu," mama alisema, "hakufagiaka hata siku moya."

Baba alicheka, jambo ambalo siku hizo lilikuwa adimu, na hakumzuia. Mama alimchoma nyuma ya jiko. Ukutani ikabaki alama ya mraba, safi, kwa sababu moshi wa miaka mingi haukupita pale.

Mdogo wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike miezi michache kabla. Alimpa mtoto jina la nkambo, yaani bibi yetu mzaa mama, ambaye alifariki nilipokuwa mdogo sana. Kwetu mtoto akibeba jina la mzazi wako, nawe unamwita kama ulivyomwita mzazi huyo. Kwa hiyo mama yangu alikuwa akimwogesha mtoto wa miezi mitano huku akimwita "mama", akimgombeza kwa heshima zote. Alasiri moja nilimsikia anasema, "Mama, cheka kidogo nikuone." Kisha mkono wake ukabaki ndani ya maji.

"Mudomo yake imepotea," alisema.

"Ya mutoto?"

"Ya mama. Macho naona. Kichwa naona. Nikifika ku mudomo, hakuna kitu."

Alijikausha mikono, akaenda kwenye sanduku la mbao alimoweka kitambulisho cha nkambo, chenye picha pekee aliyowahi kupigwa. Mchwa walikuwa wametangulia. Walikula karatasi zote wakaacha jalada. Mama alikaa kitini na jalada hilo mapajani.

"Huyu mutoto atabeba jina ya muntu mwenye hakuna hata moya anajua sura yake. Hata minye, mutoto yake."

Sikuwa nimewahi kumwona mama anaogopa. Alipita vizuizi vya askari kwenye barabara ya Kambove na magunia yake bila kuogopa. Siku ile aliogopa, na hofu yake ikanipa kazi ya kufanya.

*

Nyuma ya soko aliishi fundi wa tablo. Zamani aliajiriwa na kampuni kuandika mabango ya hatari, yale yenye fuvu na mifupa, na mpaka leo herufi zake ndizo nzuri kuliko zote nilizoziona. Kazi ilipokwisha aliendelea na tablo. Alikuwa mwembamba, ana rangi kwenye ndevu, na alilipwa kwa unga zaidi kuliko kwa noti, maana thamani ya noti ilioza mfukoni kila juma. Mimi na mama tulimkuta amekaa juu ya ndoo.

Mama alimweleza anachotaka. Nami nikaongeza kwamba picha haipo, na aliyezikwa amezikwa zamani.

"Kupaka mwanamuke bila kumuona?" Fundi alifikiri kidogo. "Naweza. Mamba muntu sijamuona hata siku moya, na namupaka kila juma."

"Huyu haina mamba muntu," mama alisema. "Huyu ni mama yangu."

"Bon. Unilete habari yake, basi. Sura inatoka mu habari."

Nilichukua daftari la shule ambalo halikuwa na mwenyewe, nikagawa kurasa: kichwa, macho, pua, mdomo, mikono, mwili, miguu, namna ya kukaa. Kila juma nilimfikia mtu mmoja au wawili waliomjua nkambo. Niliuliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, kama ninavyowauliza wanafunzi.

Mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyetangulia.

"Mama yetu alikuwa muzuri," alisema. "Mwekundu. Nywele mingi mpaka hapa."

"Yomba, mama anasema alikuwa mweusi, na alifunga kitambaa kila siku."

"Mama yako anakumbuka kazi. Minye nakumbuka uzuri."

Jirani mmoja mzee alisema vilevile: mzuri, mwekundu, nywele. Mwingine hakukumbuka uso, alikumbuka ladha ya munkoyo yake. Nkambo alikuwa akiuza munkoyo, kinywaji kitamu cha unga wa mahindi na mizizi, kando ya reli, pale wafanyakazi walipopita wakitoka zamu. Nilipowauliza wanawake, daftari lilijaa vitu vingine kabisa. Alikuwa na kovu la moto juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Alikuwa na mwanya katikati ya meno ya juu. Alikuwa mfupi, lakini akikaa alionekana mrefu. Sikuamini kwamba watu hawa wote walimzungumzia mtu mmoja, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa zile tablo zote nilizoziona mitaani. Zilikuwa zimepakwa na wanaume kutokana na kumbukumbu za wanaume.

Rafiki wa mwisho wa nkambo aliyekuwa hai, aliyeuza naye kando ya reli, alikuwa Kambove. Nilikwenda na mama juu ya lori la mahindi. Tulimkuta bikizee mkavu, mkali, anachambua maharage.

"Nkambo, mwenzako alikuwa anacheka namna gani?" nilimwuliza.

"Kwa nguvu. Wanaume ya reli walisema, huyu mama anacheka sana, munkoyo yake itamwagika. Lakini walinunua kwake, kwangu walipita. Minye nilikuwa na sura ya kulia, wanaogopa."

"Na mdomo wake?"

"Ulikuwa wazi, mwanangu. Sikuuonaka umefungwa. Nitakuambia nini juu ya mulango yenye haikufungwaka?"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Sijui yapi yalikuwa ya kicheko. Tukiwa juu ya lori tukirudi aliniomba nimsomee ukurasa wa mdomo. Ulikuwa na mistari mitatu.

Nilimwacha baba hadi mwisho, kwa sababu nilidhani yeye atanisaidia kuliko wote. Nkambo aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu miaka sita. Lakini kwa desturi ya kwao, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Hawali chakula pamoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni.

"Uso sijue," baba aliniambia. "Ningemuangalia namna gani? Lakini miguu, uliza minye."

Kisha akanieleza miguu ya nkambo kwa robo saa. Vidole vilivyoachana. Kucha ya kidole gumba cha kulia iliyopasuka tangu ilipoangukiwa na kuni. Sandali za plastiki za bluu, ambazo alizivua mlangoni na kuzipanga sambamba, visigino vikielekea ndani ya nyumba. Hakuna mtu mwingine aliyenipa habari kamili kiasi hicho. Nilijaza kurasa mbili, nikatambua kwamba kwa miaka sita baba yangu alimheshimu mwanamke yule kwa macho yaliyoinama, na macho yale hayakukaa bure.

*

Tablo ya kwanza ilikuwa nzuri sana, na haikuwa yeye. Fundi alimpaka mwanamke mwekundu mwenye nywele za mawimbi, midomo imefungwa, saa ya dhahabu mkononi.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Ni mama yako, mama."

"Mama yangu hakuvaaka saa. Saa yake ilikuwa sirene ya kiwanda."

"Nilimupatia heshima." Fundi alikuwa ameumia kweli. "Mwanamuke bila saa, bila nywele, mweusi, mukono iko na kovu... watu watasema ni picha ya mateso. Nani anapachika mateso ku ukuta?"

"Alikuwa anauza munkoyo na anacheka. Ile ni mateso?"

Fundi aliiangalia tablo yake, kisha daftari langu, kisha mama. Ninamshukuru mpaka leo kwa alichofanya baada ya hapo, kwa sababu angeweza kutufukuza. Alimwomba mama akae mbele yake, akachukua paji lake la uso. Akamwita mjomba, akachukua pua. Mimi nilitoa masikio, kwani wote walikubali kwamba ni yale yale. Kwa mwanya akakwama.

"Sijapakaka meno," alikiri. "Wanawake wangu wote wanafunga midomo. Sijue ndani kuna nini."

Asubuhi mbili nilimwona amesimama sokoni karibu na wauza samaki, anawatazama wanavyocheka. Wao wakamtania.

"Fundi, unatafuta bibi ya kuoa ao unatafuta meno?"

"Meno!"

"Basi lipa. Kucheka kwetu haina ya bure."

Walimchekea bure. Alichora kwa mkaa juu ya karatasi za mifuko ya saruji, midomo tu, labda ishirini.

Tablo ya pili ilikuja kwetu siku ya Jumamosi, imefunikwa kwa kanga ya zamani. Nkambo alikuwa amekaa juu ya kigoda, mweusi, kitambaa kichwani, kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, kimetandazwa magotini, miguu iko wazi na sandali za bluu kando yake. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa anacheka, na mwanya ulionekana. Tuliitundika kwenye alama safi ya ukutani, nayo ikaizidi kidogo kwa upana.

Mama aliutazama mdomo ule muda mrefu.

"Huyu njo yeye?" nilimwuliza.

"Sijue," alisema kwa sauti ndogo. "Labda."

Baba ndiye aliyetuonyesha. Aliingia kutoka kiwandani, akavua kofia, akainua macho ukutani, na mara akayashusha. Alirudi hatua moja. Kisha akazungusha kiti kimoja kilichobaki, akakaa ubavu, macho yake yakielekea dirishani. Kwa miaka yote aliyokula chini ya mamba muntu hakuwahi kugeuza kiti. Mama aliona. Akaenda kumletea maji.

*

Mvua zilipoanza, unyevu uliingia ukutani, na tablo ikaanza kubadilika. Sisi tuliokaa nayo hatukuona. Aliyeona alikuwa mgeni.

Mwezi ule zamu ya sala ilikuwa kwetu, na ile ilikuwa Jumatano ya mwisho. Walikuja akina mama saba wakakaa juu ya mkeka. Kiongozi wao alikuwa muuza makayabo, samaki wa chumvi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru hata anaposalimia. Waliomba, wakaimba, wakaomba tena. Nilikuwa chumba cha pili nasahihisha madaftari niliposikia wimbo umekatika katikati.

"Mama," alisema kiongozi, "pale chini ya kikwembe ya mama yako kuna nini?"

"Kikwembe tu."

"Hapana. Muangalie, bamama. Hii ni magamba. Hii nayo ni mukia."

Nilitoka. Ni kweli. Kupitia rangi ya kikwembe, hafifu lakini bila shaka yoyote, magamba yalikuwa yamepanda juu, na karibu na miguu ya nkambo kulikuwa na mkia wa samaki umepinda.

"Mwezi muzima tunaombea chini ya mamba muntu!"

"Njo maana kikohozi yangu haiponi," alisema mama mmoja mnene pembeni, na mwingine akamwambia kikohozi chake ni cha moshi wa mkaa, asimsingizie samaki.

Nilitumwa kumwita fundi. Alikuja, akaona, akajishika kichwa.

"Fundi," mama alisema, "ulipaka mama yangu juu ya nini?"

"Nitasema ukweli. Kitambaa haiko. Mutaa muzima mulianza kuomba, mamba muntu wangu tano wakabaki bila mutu wa kuwanunua. Ningekula wao? Nilichukua moya, nikamufunika."

"Ulimufunika na mama yangu!"

"Nilimushinda na mama yako."

Mama mnene alicheka, akajiziba. Kiongozi hakucheka.

"Kufunika haina kushinda. Anarudi, si unaona? Ichomwe leo."

Mama alisimama akaweka mgongo wake mbele ya tablo. Nilijua anachokitetea. Ukienda mdomo ule, hata kama hakuwa na hakika nao, hautapatikana mwingine. Yule bikizee wa Kambove alikuwa amezikwa majuma mawili kabla.

"Mamba muntu nilichoma na mikono yangu," alisema. "Wenyewe munajua. Huyu sichomi. Ule wa chini atoke. Wa juu anabaki."

"Basi tukate," kiongozi alisema, akilegea kidogo. "Tukate hapa ku kiuno. Kichwa ibaki."

Mama alikuwa karibu kukubali. Mkono wake ulikwisha kushika ukingo wa kitambaa. Sauti ikatoka nje, chini ya dirisha, mahali ambapo baba alikuwa anarekebisha baiskeli. Hakuwahi kuingilia mkutano wa akina mama, na hata siku ile hakuingia.

"Musikate miguu," alisema. "Mukate miguu, mutabakisha muntu namna gani?"

Kiongozi alitazama dirisha, kisha akamtazama fundi.

"Unaweza kuitoa bila kukata?"

"Naweza kukwangua mpaka ku kitambaa yenyewe."

"Mbele yetu?"

"Mbele yenu."

Tuliishusha tablo tukailaza uani. Fundi alileta wembe, mafuta ya taa na matambara. Kuanzia kiunoni alikwangua polepole. Kikwembe kilitoka kwanza, halafu magamba, halafu mkia, ukawa uji wa kijani juu ya tambara. Chini yake yakatokea maandishi mekundu ya kiwanda cha unga, nusu yamefutika. Kiongozi aliinama akapitisha kidole.

"Hakuna tena," alitangaza. "Ni gunia."

Sasa nkambo alikuwa kichwa na kifua kinachocheka, na chini yake gunia. Fundi akachukua mkaa, akaanza kuchora upya. Alichora magoti pamoja, chungu upande wa kulia.

"Fundi," kiongozi alisema, "chungu ya munkoyo haikai vile. Watu wanapita ku reli. Watapiga teke."

"Iwekwe wapi?"

"Katikati ya miguu, si unailinda?"

"Na magoti haifungwi," alisema mama mnene, ambaye, ilionekana, naye alikuwa ameuza munkoyo ujana wake. "Unafunga magoti kama uko mu studio ya picha. Ya kazi iko wazi, kikwembe inaingia katikati. Hivi." Akakaa juu ya kigoda, akaonyesha.

"Mukono ya kuchota?"

"Ya kulia. Ya kushoto inashika kikombe, njo kovu itaonekana."

Waligombana juu ya kata ya kuchotea, juu ya urefu wa kigoda, juu ya namna kikwembe kinavyofungwa na mtu anayeinama siku nzima. Walikaa kwa zamu ili aone. Wimbo haukumalizika Jumatano ile. Fundi alichora, akafuta, akachora. Wakati mmoja alisimama na mkaa mkononi.

"Miaka yote napaka wanawake," alisema, "sikuombaka hata moya aikale chini."

Baba alirudia habari ya miguu kutoka dirishani, kwa utaratibu uleule, nami nikamsomea fundi kwenye daftari ili kulinganisha. Haikutofautiana hata neno.

Ninawashukuru wanawake wale saba. Walikuja na moto, wakaondoka na rangi kwenye vidole. Nimesoma baadaye mambo kadhaa juu ya picha za wanawake, na nani anazipaka kwa ajili ya nani, lakini nilichojua zaidi nilikiona uani kwetu alasiri ile, watu wakibishana juu ya goti.

*

Fundi alirudi siku ya tatu kumalizia. Rangi ilikuwa imekauka. Mama alikuwa anachekecha unga karibu na mlango, mikono myeupe hadi kwenye viwiko. Fundi aliitundika tablo, akarudi nyuma, akamwuliza kama ameridhika.

Mama aliinua macho. Akaacha chekecheo. Alisogea ukutani, karibu sana, akautazama mdomo ule aliokuwa ameutazama kila siku kwa mwezi na nusu bila kujua.

"Haiko vile," alisema.

Fundi alishusha mabega. "Nini tena, mama?"

"Mudomo. Umeifungua yote mara moya. Yeye hakuanzaka vile. Alikuwa anaanza na huku." Aligusa shavu lake la kushoto, akaacha alama ya unga. "Huku inapanda kwanza. Ya kulia inakawia, kama haitaki. Kisha njo meno."

"Nani alikuambia?" niliuliza, kwa sababu haikuwa kwenye daftari, hakuna mtu aliyewahi kuisema.

"Hakuna mutu. Naona."

Alisema hivyo bila kutazama tablo. Alitazama mahali fulani katikati ya chumba, na upande wa kushoto wa mdomo wake mwenyewe ulikuwa umeanza kupanda. Fundi alikwisha kufungua kopo lake dogo la rangi nyeusi, akapangusa brashi.

"Kidogo tu," alisema. "Nainua huku, nashusha huku. Dakika mbili."

Mama alimshika mkono.

"Acha vile."

"Lakini umesema haiko yeye!"

"Ndiyo. Nitaiangalia kila asubuhi, na kila asubuhi nitaikatalia." Alirudi kwenye unga wake, akaokota chekecheo. "Asante, Fundi. Asante sana. Ikala chini, ukule."